Mlinzi wa Amana: Habari za Gavana Patrick Njoroge na Benki Kuu ya Kenya

Karibu kila mji mkubwa wa Kenya una mtaa wake uitwao Majengo. Mombasa pana Majengo, Nairobi pana Majengo, Nanyuki pana Majengo, na huku kwetu chini ya Mlima Kenya pana Majengo ya Embu na Majengo ya Meru. Ni mitaa ya Waswahili na ya wageni waliokuja mjini kutafuta kazi na biashara. Humo Kiswahili kilisemwa nyumbani na dukani, ilhali mashamba yaliyouzunguka mji yalisema Kiembu, Kimbeere na Kimeru. Miji yenyewe si mikongwe. Waingereza walijenga kituo chao Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, na pamoja na bendera yao ikaja kodi ya nyumba, na kodi hiyo haikulipwa kwa mbuzi siku zote bali kwa fedha.

Fedha ya kwanza ilikuwa rupia ya Kihindi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza thamani ya rupia ilipanda ghafula, biashara ikavurugika, na serikali ikaiondoa. Ikaja florini kwa muda mfupi mno, kisha shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika katika miaka ya 1921 na 1922. Wazee wanazikumbuka senti zake ndogo, ile ya 1, ndururu ya 5, na ile ya 10, zilizotobolewa tundu katikati, hata mtu aliweza kuzitunga katika uzi. Aliyezitoa fedha hizo ni Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London mpaka mwaka 1960 ilipohamia Nairobi. Bodi hiyo kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza: mtu akileta pauni za Kiingereza, hupewa shilingi, akileta shilingi, hurudishiwa pauni. Haikukagua benki yoyote, wala haikumkopesha mwenye benki aliyepatwa na dhiki. Benki ikianguka, iliangukia wenye fedha zao.

Benki Kuu ya Kenya iliundwa kwa sheria ya Bunge mwezi wa Machi 1966, ikafungua milango tarehe 14 Septemba mwaka huo huo. Gavana wa kwanza alikuwa mgeni, Leon Baranski, na mwaka 1967 akafuata Mkenya wa kwanza, Duncan Ndegwa, aliyekaa kitini mpaka mwaka 1982. Hata leo watu wengi hudhani kwamba benki hii kazi yake ni kuchapa noti tu. Noti ni sehemu ndogo ya kazi yake. Benki Kuu ni benki ya mabenki: kila benki ina akaunti humo, na deni la benki moja kwa nyingine humalizwa humo. Tena ndiyo inayotoa ruhusa ya kufungua benki, ndiyo inayopekua vitabu vyake, na ndiyo inayoifunga ikiharibika. Mwenye duka wa Majengo hajapata kuingia katika jumba lile la Nairobi, na pengine hataingia. Lakini siku anapopeleka mauzo yake benki, usalama wa fedha hizo unategemea kama kuna mtu pale juu aliyefungua macho.

Si mara zote macho yalikuwa wazi. Katika miaka ya 1980 zilizaliwa benki ndogo na makampuni ya fedha mengi, nyingine zikiwa na wakubwa nyuma yake, na baadhi yake zikaanza kuanguka tangu mwaka 1984. Serikali ikaunda mfuko wa kulinda amana, na mwaka 1989 ikaziunganisha taasisi 9 zilizokwisha haribika zikawa benki moja iliyoitwa Consolidated. Hata hivyo zikaanguka nyingine mwaka 1993, na nyingine mwaka 1998. Mwaka 2003 ikaanguka Euro Bank, ambamo mashirika kadhaa ya umma, pamoja na Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, yalikuwa yameweka mamilioni. Gavana wa wakati huo alikuwa Nahashon Nyagah, mwana wa nyumba mashuhuri ya Embu, kwa kuwa baba yake, Jeremiah Nyagah, alikuwa waziri katika serikali za Mzee Kenyatta na Rais Moi. Gavana Nyagah alijiuzulu mwaka huo. Nalitaja jambo hili si kwa kumlaumu mtu, bali msomaji aone jinsi kiti kile kilivyo cha moto.

Mtu ambaye habari zake nataka kuzieleza kwa urefu alikikalia kiti hicho kuanzia Juni 2015 hadi Juni 2023. Dakta Patrick Njoroge si mwana wa Majengo yetu. Alisoma shule ya sekondari ya Mang'u, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alipata shahada mbili za uchumi, kisha Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, alikopata udaktari mwaka 1993. Katika ujana wake alifanya kazi serikalini, na tangu mwaka 1995 alikuwa katika Shirika la Fedha la Kimataifa mjini Washington, ambako alikaa miaka 20 na kupanda hata akawa mshauri wa mmoja wa manaibu wa Mkurugenzi Mkuu. Kazi ya watu wa shirika lile ni kwenda katika nchi ambazo fedha zake zimeugua na kupekua hesabu. Yaani alikuwa kama tabibu aliyetumia miaka mingi kutazama maradhi ya watu wengine kabla ya kuitwa nyumbani.

Bunge lilipomsaili mwaka 2015, wabunge walistaajabu kusikia kwamba hana shamba wala nyumba katika Kenya, naye akajibu kwamba ndivyo alivyochagua. Baadaye alikataa kuhamia katika jumba la kifahari alilotengewa Gavana katika mtaa wa Muthaiga. Hayo hayafundishi uchumi. Lakini katika nchi ambayo mtu akipewa cheo jamaa zake huanza kuhesabu magari, watu waliyaona, na mabenki pia yaliyaona.

Alipoingia, shilingi ilikuwa inateleza. Mwezi wa Julai 2015 Benki Kuu ilipandisha riba yake mpaka asilimia 11.5 ili kuizuia. Walakini jambo zito halikutoka sokoni, lilitoka ndani ya mabenki yenyewe. Mwezi wa Agosti ilifungwa Dubai Bank, benki ndogo iliyokwisha kushindwa kulipa madeni yake. Watu hawakushtuka sana. Kisha, tarehe 13 Oktoba, ilifungwa Imperial Bank.

Hiyo haikuwa benki ya uchochoroni. Ilikuwa imetoka kuuza hatifungani za shilingi bilioni 2 kwa wananchi, nazo zilikuwa zinangoja kuingizwa katika soko la hisa. Mkurugenzi wake mkuu alifariki mwezi wa Septemba, na baada ya kifo chake wakurugenzi waliobaki walikwenda wenyewe Benki Kuu kueleza kwamba wamegundua mambo ya ajabu katika vitabu. Iliaminika kwamba kwa miaka mingi benki ile ilikuwa na hesabu za namna mbili, moja ya kuonyesha wakaguzi na nyingine ya siri, na fedha zilizotoka kwa njia ya siri zilikadiriwa kuzidi shilingi bilioni 30. Hapa ndipo pana swali ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kulikabili: wakaguzi wa Benki Kuu walikuwa wapi miaka hiyo yote? Gavana mpya angeweza kusema kwamba yeye alikuwa na miezi 4 tu kazini. Ni kweli. Lakini mwenye amana hakuweka fedha zake kwa kumtegemea Gavana fulani, alitegemea ofisi.

Yafaa kueleza hapa kwa nini benki ikifungwa watu hupatwa na hofu kuu kuliko duka likifungwa. Benki haihifadhi fedha za watu katika sanduku. Tuchukue mathalani muuza nguo wa Majengo ya Meru aliyeweka shilingi 200,000. Benki huacha sehemu ndogo tayari kwa wenye kutaka fedha zao, na nyingine huwakopesha watu: huyu anunue lori la kubebea miraa ya Igembe, yule ajenge nyumba ya kupangisha Embu. Fedha zile zipo, lakini zimekuwa lori na mawe. Wenye amana wote wakija siku moja, hata benki njema itashindwa kuwalipa. Kwa hiyo uhai wa benki ni imani, na imani ikivunjika katika benki moja huweza kuvunjika katika jirani yake isiyo na kosa, kama moto wa makuti usiouliza nyumba ni ya nani. Wakati huo bima ya amana ilimlinda kila mtu kwa shilingi 100,000 peke yake. Muuza nguo wetu angepata kwa haraka nusu ya mali yake, na nusu nyingine angeingojea.

Moto huo uliwaka mwezi wa Aprili 2016. Chase Bank, benki iliyokuwa ikikua kwa kasi na kupendwa na vijana wa biashara, ilitoa hesabu zake mara mbili kwa mwaka mmoja, na zile za pili zilionyesha kwamba mikopo kwa watu wa ndani ya benki ilikuwa mikubwa kuliko ilivyosemwa kwanza. Habari zikaenea katika simu za watu, uvumi ukichanganyika na ukweli. Zamani uvumi wa namna hiyo ulisafiri kwa mguu na kwa basi. Safari hii ulifika nchi nzima kabla ya jioni. Wenye amana wakakimbilia fedha zao, na tarehe 7 Aprili benki ikafungwa na kuwekwa chini ya mrasimu.

Hiyo ilikuwa benki ya tatu katika muda wa miezi 8. Watu walianza kuuliza ni ipi itakayofuata, na wengine wakahamisha amana kutoka benki ndogo kwenda kubwa. Benki kubwa nazo zikaacha kuzikopesha ndogo. Katika siku hizo Dakta Njoroge alitenda jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote aliyoyatenda kwa miaka 8. Alitangaza kwamba benki yoyote itakayobanwa na uhaba wa fedha pasipo kosa lake itakopeshwa na Benki Kuu. Bodi ya zamani ya London isingeweza kusema neno kama hilo. Kisha Chase Bank ikafunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa benki ya KCB, na wenye amana wakaruhusiwa kutoa mpaka shilingi milioni 1. Wengi mno kati yao walikuwa na kiasi kisichozidi hapo. Moto ukazimika.

Haikuwa dawa bila uchungu. Waliokuwa na fedha nyingi katika Chase walingoja mpaka Agosti 2018, ambapo benki ya SBM kutoka Mauritius ilinunua sehemu kubwa ya mali yake na kuchukua asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa. Zilizobaki zikaachwa nyuma. Wa Imperial walipata tabu zaidi. Walilipwa kidogo kidogo, wakaandamana, wakaenda mahakamani, na mwezi wa Desemba 2021 benki ikapelekwa kufilisiwa wakiwa bado wanadai. Walisema kwamba Gavana aliwasahau. Yeye alishikilia kwamba fedha zilizoibwa haziwezi kurudishwa kwa tangazo. Pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo sababu jambo lile lilikuwa chungu. Kiwango cha bima ya amana kilipandishwa kutoka shilingi 100,000 mpaka 500,000 mwezi wa Julai 2020, jambo jema lililowachelewa wao.

Bunge nalo lilikuwa na dawa yake. Wananchi walichoka na riba kubwa, na mwezi wa Agosti 2016 ikatiwa sahihi sheria iliyokataza benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Watu walishangilia. Gavana alipinga, akisema kwamba benki ikizuiwa kutoza riba ya hatari, haitapunguza riba, itaacha kumkopesha mwenye hatari. Na mwenye hatari ni nani? Ni yule mwenye kibanda cha Majengo asiye na hati ya shamba ya kuweka rehani. Mabenki kweli yalimwacha, yakapeleka fedha zao kuikopesha serikali, ambayo hailali na deni bila kulipa. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019.

Tuache sasa habari za benki kuanguka, tutazame njia ambazo fedha hupitia. Watu husahau kwamba fedha, kama maji, huhitaji mifereji. Mwenye duka wa Embu akimlipa mwenye ghala wa Nairobi kwa hundi, zamani karatasi ile ilisafiri mpaka chumba cha kubadilishana hundi, na kwa siku kadhaa deni lilikuwa angani, si la huyu wala la yule. Je, kama benki moja ikifa hundi ikiwa njiani? Jambo hilo lilitokea mbele ya dunia nzima tarehe 26 Juni 1974, wakati benki ya Herstatt ya mji wa Cologne, Ujerumani, ilipofungwa jioni. Mabenki mengine yalikuwa yameilipa marki asubuhi, yakitazamia kupata dola New York mchana wa saa za huko. Dola hazikuja. Tangu hapo mabenki makuu ya ulimwengu yalianza kujenga mifumo ambayo kila malipo makubwa humalizika papo hapo, moja moja, yasiweze kurudi nyuma.

Kenya ilipata mfumo wake, KEPSS, mwezi wa Julai 2005, na tangu Oktoba 2009 hundi za zaidi ya shilingi milioni 1 zilikataliwa ili fedha nyingi zipite huko. Mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa, siku zile zile ambazo Profesa Njuguna Ndung'u aliingia kitini. Benki Kuu ilikuwa imeipa kampuni ya simu barua ya kutoikataza, wakati sheria ya mambo hayo ilikuwa haijaandikwa. Sheria ya malipo ilikuja mwaka 2011. Wenye mabenki walilalamika. Laiti Benki Kuu ingaliwasikiliza, mkulima wa muguka wa Mbeere angalikuwa bado anabeba noti katika soksi.

Basi Dakta Njoroge aliikuta mifereji imekwisha chimbwa, na kazi yake ilikuwa kuipanua na kuilinda. Mwaka 2017 mabenki yalianzisha PesaLink ya kupeleka fedha kutoka benki hadi benki kwa simu. Na ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi 2020, katika siku chache Benki Kuu ilikubaliana na makampuni kwamba kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kusitozwe ada, na kiwango cha kutuma mara moja kikapandishwa kutoka shilingi 70,000 mpaka 150,000. Muuza mboga aliyekuwa akiogopa kushika noti za watu aliweza kulipwa 50 kwa simu bila kukatwa kitu. Ruhusa hiyo ilikoma mwisho wa mwaka ule.

Kabla ya hapo lilikuwako jambo lililogusa kila sanduku na kila mto wa kulalia. Tarehe 1 Juni 2019, katika sikukuu ya Madaraka iliyofanywa Narok, Gavana alisimama mbele ya taifa na kutangaza noti mpya zisizo na sura ya mtu, kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza. Kisha akaongeza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 hazitakuwa fedha tena ifikapo tarehe 1 Oktoba. Shabaha ilikuwa wale waliolimbika fedha haramu majumbani. Wenye marundo makubwa walitakiwa kueleza yalikotoka. Benki Kuu ina kituo cha fedha mjini Meru, kwa hiyo watu wa upande wetu hawakulazimika kwenda Nairobi. Miezi 4 ilipokwisha, ilionekana kwamba katika noti kama milioni 217 zilizokuwa nje, zilirudi karibu milioni 209.6. Noti milioni 7.4 hivi, thamani yake shilingi bilioni 7.4, hazikurudi, zikawa karatasi. Wengine waliona ni ushindi; wengine waliuliza kama fedha zote haramu za Kenya ni hizo tu. Mimi naona swali la pili lina nguvu.

Wala hakushinda kila mahali. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, lile lile alilolitumikia miaka 20, lilisema kwamba shilingi imepandishwa thamani kupita kiasi, naye akalikana neno hilo mbele ya watu. Katika mwaka wa 2022 na mwanzo wa 2023 dola zikawa adimu. Waagizaji wa bidhaa walisema kwamba bei iliyotangazwa ilikuwa moja, na bei waliyouziwa benki ilikuwa nyingine. Soko la mabenki kuuziana dola wao kwa wao lilikuwa limezimika, na wako waliosema kwamba ni Benki Kuu iliyolitisha hata likanyamaza. Mwezi wa Machi 2023 alitoa kanuni mpya za kulifufua. Shilingi ilikuwa kiasi cha 98 kwa dola alipoingia. Alipotoka ilikuwa karibu 140.

Kazi moja aliyoiandaa hakuifungua yeye. Ni mfumo wa kuandika na kuuza hatifungani za serikali, ulioitwa DhowCSD, jina lililotokana na jahazi. Zamani mtu mdogo aliyetaka kuikopesha serikali alijaza karatasi na kwenda nazo katika ofisi za Benki Kuu, kana kwamba aomba ruhusa. Kwa mfumo mpya aliweza kufungua akaunti, kununua na kuuza akiwa na simu mkononi, hata akiwa Majengo. Kipindi cha pili cha Dakta Njoroge kilikwisha katikati ya Juni 2023, na Dakta Kamau Thugge akashika mahali pake. Jahazi lilishushwa majini mwisho wa Julai.